Bodi Niliyoingoja Kutoka Nairobi

Mke wangu aliomba kitu kimoja kabla hajafa, nami sikukifanya. Naanzia hapo hapo, maana nimechoka na watu wanaonipa pole kana kwamba nilikuwa mume mwema aliyepatwa na bahati mbaya. Hakuomba kupelekwa India. Hakuomba nyumba ya matofali. Aliomba kuiona video ya harusi yetu, iliyokuwa imekaa kwenye diski yangu miaka mitano, ndani ya duka la mume ambaye kazi yake ni kutengeneza video za harusi.

Duka lenyewe liko Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka barabara ya kwenda mtaa wa Sofia. Ni chumba kimoja chenye meza, kompyuta, skrini mbili na pazia jeupe la kupigia picha za vitambulisho. Nimetengeneza harusi za watu kuanzia Lumino hadi Malaba, na mazishi yao pia, kwa sababu siku hizi hata maiti haizikwi bila kamera. Mke wangu alikuwa na neno lake alilopenda kunitupia mbele ya wateja: "Huyu bwana amewaozesha watu wote wa mpaka huu. Mimi peke yangu ndiye sijaolewa, angalieni, simo kwenye skrini." Wateja wanacheka, nami nacheka, kisha naigeukia kazi ya mteja.

Yeye alikuwa Mpadhola wa Paya, kule Tororo. Mimi ni Msamia. Lugha yake niliisema kama mtoto anayeota meno, na yangu aliisema vibaya zaidi, ila kwa kiburi. Kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili. Tuligombana kwa Kiswahili na tukapatana kwa Kiswahili, na siku aliponikubali alisema "haya basi, twende," kama mtu anayeitwa sokoni. Hatukujaaliwa mtoto. Tulikuwa wawili, na kelele zake zilitosha nyumba nzima.

Kwa nini sikuitengeneza video ile miaka yote mitano? Hebu nieleze, ingawa maelezo hayaniokoi. Rafiki aliyetupigia picha alikuja na kamera kubwa kuliko uwezo wa kompyuta yangu. Picha zilikuwa safi mno, nzito mno, na sauti ilirekodiwa kando, kwenye kifaa kingine, kwa hiyo ilibidi nizilete pamoja, sauti na mdomo, neno kwa neno. Kila nilipofungua faili zile, feni ilianza kuunguruma kama mashine ya kusaga mahindi, picha zikaganda, kisha skrini ikawa nyeusi. Nikasema, ngoja nipate mashine nyingine. Wateja wakaja, wakaendelea kuja. Baba yake mke wangu akafariki mwaka wa tatu. Huyo ndiye aliyetoa hotuba pale kanisani, na hotuba ilikuwa mle mle kwenye diski, picha huku, sauti kule.

Kisha mke wangu akaanza kuvimba tumbo. Ini, wakasema. Alikonda mikono na miguu, macho yakawa ya njano, na yule mwanamke aliyekuwa akiita bodaboda kutoka upande wa pili wa barabara akawa anaongea kwa kuhesabu pumzi. Siku moja nilimkalisha mlangoni apate jua, akaniambia, "Nataka kumwona baba akisema yale maneno." Nikamwekea sauti peke yake kwenye simu. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Sauti ninayo kichwani. Nataka kuona mdomo wake ukisema. Nitengenezee harusi yangu, bwana. Yenye mwanzo na mwisho."

Nikamwambia, nitakutengenezea, na safari hii nitaifanya sawasawa.

Hilo neno "sawasawa" ndilo lililotuponza.

Wengi hawajui ndani ya kompyuta kuna nini, na si lazima wajue. Ila kwa ajili ya kosa langu nitaeleza kidogo. Kuna bodi, ule ubao mpana ambao vitu vingine vyote hupachikwa juu yake. Kuna memori, vile vipande virefu vyembamba ambavyo kompyuta hutandazia kazi yake, kama mshonaji anavyotandaza kitambaa mezani. Memori ina kasi yake, imeandikwa kwa namba. Bodi nayo ina kiwango chake cha kasi inayoweza kukubali. Ukiipachika memori ya 3200 kwenye bodi inayokubali 2400, haitakataa. Itafanya kazi, ila itatembea kwa 2400. Basi, ni hilo tu.

Mimi nilianza na memori. Nilivuka upande wa Kenya, nikakuta vipande viwili vya 3200, vipya, vimefungwa kwenye plastiki yake, nikavichukua. Fundi mwenye akili huchagua bodi kwanza, kisha anatafuta memori inayoifaa. Mimi nilinunua kofia nikaanza kutafuta kichwa. Nilirudi nyumbani nikamwonyesha mke wangu, akavigeuzageuza vidoleni. "Hivi ndivyo baba yangu atatokea?" Nikamwambia bado bodi, na prosesa yake, ule ubongo unaopiga hesabu, na nitatafuta bodi inayokubali kasi hii yote, maana sikununua ng'ombe wa maziwa nimfunge jembe. Akacheka mpaka akakohoa.

Wiki hiyo hiyo alizidiwa, tukampeleka hospitali Tororo. Mama yake akaja kutoka Paya kumuuguza.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wageni wakilisikia huwa wanacheka. Kwetu, na kwao vilevile, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Akiingia mlango wa nyuma, wewe unatokea wa mbele. Salamu mnapeana kwa mbali, mmoja ukutani na mwingine uani, na maneno mengine yote hupita kwa mtu wa tatu. Si chuki hata kidogo. Ndiyo heshima yenyewe, na mimi niliishika kwa mikono miwili. Miaka yote ya ndoa, mama mkwe wangu hakuwahi kuniuliza neno lolote moja kwa moja. Maneno yake yalipitia kwa mke wangu, akiyatia chumvi njiani.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, nikimpaka mafuta miguuni. Mama mkwe akatokea mlangoni mwa wodi na bakuli la uji. Nikasimama, nikatazama chini, nikatoka. Nilipofika uani, nikamwona daktari akiingia. Kupitia dirishani nilimwona akimsogeza mama pembeni na kusema naye, naye mama akasikiliza huku ameshika kiwiko chake mwenyewe. Maneno sikuyasikia. Nikajisemea, mama atamwambia mke wangu, na mke wangu ataniambia. Ndivyo mambo yetu yalivyokuwa yakienda siku zote.

Na nikiwa nje, badala ya kukaa pale, nikaona nitumie muda. Nikatembea mpaka kwa muuzaji mmoja wa vifaa vya kompyuta, mtaa mmoja kutoka hospitali, mtu mpole anayehariri video kama mimi. Nikamweleza shida yangu. Akainama chini ya meza, akatoa bodi.

"Boss, hii iko sawa kabisa. Prosesa yake iko ndani. Chukua leo."

"Inakubali kasi gani?"

"2400."

"Mimi nina memori ya 3200."

"Itaingia. Itatembea pole kidogo tu, hata huwezi kujua." Akanitazama. "Kama bibi yako ni mgonjwa, chukua hii. Ama leta diski, nikufanyie mimi hapa hapa, bila kulipa chochote."

Harusi yangu ihaririwe na mtu mwingine? Thubutu! Ndivyo nilivyomjibu, kwa neno hilo hilo, mtu aliyekuwa akinipa mkono. Nikamwambia mimi nataka kununua mara moja niridhike, sitaki vitu vya kubahatisha. Akairudisha bodi chini ya meza bila kinyongo. Naiona mpaka leo ile bodi, ina alama ya kalamu nyekundu pembeni.

Niliporudi wodini mama alikuwa ametoka. Mke wangu akaniambia, "Daktari anasema nikapumzike nyumbani." Nikafurahi. Mtu mzima na akili zangu, nikafurahi, nikaona akiruhusiwa ni kwamba ana nafuu. Nikampigia mtu wa Nairobi siku ile ile, nikaagiza bodi ya 3200.

Busia tulikaa hivi: mke wangu chumbani kwetu, na mama yake akilala kwa jirani, mama mmoja Mteso anayeuza mihogo ya kukaanga, kwa sababu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Asubuhi anaingia yeye, natoka mimi. Nikirudi saa saba kwa chakula, jirani anapiga hodi kwa niaba yangu, mama anapita nyuma, naingia mimi. Nikihesabu sasa saa nilizokaa na mke wangu zile wiki, naona nilikuwa mgeni tu. Na nisidanganye, sehemu ya moyo wangu ilipenda kutolewa. Dukani kulikuwa na namba, na namba hazilii. Nilikaa nikisoma kwenye simu bodi ipi inakubali kasi ipi, kwa prosesa ipi, kwa vipande viwili au vinne. Nilijua yote. Ungeniuliza nikiwa usingizini ningekujibu.

Bodi ya kwanza ilifika baada ya wiki moja, kwenye basi. Nikaichukua mikononi kama mtoto mchanga, nikaifungua, nikasoma maandishi madogo. Prosesa iliyokuja nayo ilikuwa inaishia 2666. Bodi ingekubali 3200, prosesa haikukubali. Nilitukana, tena kwa sauti, mpaka muuza soda wa jirani akachungulia. Kisha nikafanya nini? Nikaifunga vizuri kwenye boksi lake nikairudisha Nairobi. Kitu kizima, kisicho na ubovu wowote, kitu ambacho kingewaka mchana ule ule.

Nilipomwambia mke wangu, alinitazama kwa yale macho ya njano. "Kwa hiyo ya tatu elfu mia mbili bado inakuja?"

"Inakuja. Siku kumi hivi."

"Ikifika itanikuta?"

"Acha maneno mabaya wewe."

"Nauliza tu, bwana. Mimi si mzigo wa kwenye basi, sina tarehe." Akatabasamu, akafumba macho. Mimi nikaona anatania. Alikuwa mtu wa utani.

Siku mbili baadaye, jirani alikuja dukani na harufu yake ya mihogo, akasimama mlangoni akipangusa mikono. "Jirani, mama anauliza kompyuta itaisha lini."

"Mwambie karibu."

Akaenda. Siku ya tatu akarudi. Safari hii hakunitazama. "Mama anasema, umalize na kitu yenye uko nayo."

Nikalipuka. Sijui nilikuwa nimebeba nini kifuani, ila kilitoka chote. Nikamfuata mpaka nyumbani, nikasimama uani, nikasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Mwambie mama mambo ya kompyuta aniachie mimi! Mimi simfundishi kupanda mtama!" Mama mkwe wangu alikuwa nyuma ya ukuta huo huo, akimkanda binti yake mgongo, na hakuna neno lililonitoka ambalo yeye hakulisikia. Baadaye mke wangu aliniambia polepole, "Umemjibu mama vibaya." Nikasema nitaomba radhi. Nitaomba, nitafanya, nitamaliza. Nilikuwa tajiri wa siku zijazo.

Bodi ya pili ilifika siku ya tisa. Mtu wa mizigo alinipigia asubuhi, saa nne, kwamba iko upande wa Kenya. Nilimuaga mke wangu. Alikuwa amelala ubavu, nikamwambia sikioni, "Leo imefika, kesho utamwona mzee." Akanishika kidole kimoja, hiki cha shahada, akakiachia. Nikavuka. Nikasaini, nikafungua boksi pale pale kaunta, nikasoma maandishi madogo yote, bodi na prosesa. 3200. Haki ya Mungu nilipiga kofi moja la furaha.

Simu ikalia nikiwa bado naitazama. Ilikuwa jirani. Alisema neno moja tu, "Rudi," na nyuma yake nikasikia mama mkwe akilia kwa sauti ya kwao, ile ya kuanzia chini na kupanda, ambayo haina maana mbili.

Nilitembea mpaka kwenye kituo cha mpaka na boksi kwapani. Sikumbuki barabara. Nakumbuka afisa aliyenisimamisha, kijana wa heshima, akauliza, "Umebeba nini, mzee?"

"Bodi ya kompyuta."

"Ya biashara ama ya nyumbani?"

Nikalitazama boksi. Ya nyumbani ipi? Akarudia swali. Watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika, mama mmoja na magunia yake akasema, "Pita basi, baba, unatuchelewesha." Sijui afisa aliona nini usoni mwangu. Akanifungulia njia kwa mkono, bila kuandika kitu.

Tulimzika nyumbani kwetu, upande wa Lumino. Mtu akaja na kamera, nikamwambia aizime. Watu walishangaa, mimi wa kuzima kamera. Mama mkwe alikaa na wanawake, mimi na wanaume, na katikati yetu kulikuwa na kaburi. Hata siku hiyo hatukutazamana.

Baada ya watu kutawanyika, jirani alinivuta kando. Alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka. "Jirani, sasa naweza kusema. Kule Tororo daktari alimwambia mama wiki tatu, zikizidi nne. Mama aliniambia siku ile ile mlirudi. Akanikataza. Alisema wewe ukijua, utalia mbele ya mgonjwa, na mgonjwa atajua. Na yeye mwenyewe hangeweza kukuambia, wewe ni mkwe, atakuambiaje kifo? Ndiyo akatuma nikwambie umalize na kitu yenye uko nayo."

Nilikaa chini, pale pale kwenye udongo mpya. Kumbe nilitumiwa habari. Ilikuja kwa njia yake yote ya heshima, ikapita kila mlango iliopaswa kupita, ikanifikia dukani kwangu mchana kweupe, nami nikaijibu kwa mtama.

Na mimi ningeweza kubaki wodini. Nalifikiria hilo kila siku. Mama akitokea na uji, mimi nikakaa tu, na mafuta mikononi, na aibu yangu. Ningevunja heshima ya wazee wote wa pande mbili, na ningesikia neno la daktari kwa masikio yangu. Hakuna ambaye angenipiga. Lakini ukiwa umelelewa hivyo, miguu inakutoa nje kabla kichwa hakijauliza.

Miezi miwili sikuligusa boksi. Kisha mama mkwe akatuma neno kutoka Paya, kupitia kwa shemeji yangu, dada mdogo wa marehemu: mama anaomba kuiona harusi ya mtoto wake. Sikuuliza zaidi. Nilifungua duka asubuhi, nikafunga bodi, prosesa, vipande viwili vya memori, nikawasha. Iliwaka mara moja. Picha zile nzito zilitembea kama maji. Nililia nikifanya kazi, wateja wakachungulia wakaondoka, lakini sikusimama. Niliunganisha sauti na midomo. Nilimweka akiingia kanisani, nikamweka akimkanyaga mpambe kwa bahati mbaya na kucheka, nikamweka baba yake akipanda madhabahuni na karatasi asiyoisoma. Nikaimaliza.

Yule muuzaji wa Tororo alipita kunipa pole siku chache baadaye, na ndiye aliyeniazima kompyuta yake ndogo ya kubebea video Paya. Akaisifu mashine yangu mpya, mtu wa kazi ni mtu wa kazi. Akaizima akaiwasha tena, akaingia kwenye ile skrini ya mipangilio inayotokea mwanzo, ambayo mimi, kwa majonzi, sikuwa nimeifungua. Nikamwona akisogeza uso karibu na skrini.

"Nini?"

"Si kitu."

"Sema, bwana."

Akanionyesha kwa kidole. Kasi ya memori: 2400.

Memori hizo, hata ukiziweka kwenye bodi inayozikubali, huwa hazikimbii mwendo wake wote mpaka uingie pale uwashe mwenyewe. Najua. Nimewafanyia wateja. Siku ile sikukumbuka. Harusi nzima niliitengeneza kwa 2400, kwa kasi ile ile ya bodi iliyokuwa chini ya meza yake, yenye alama nyekundu, na sikuhisi tofauti yoyote. "Inawashwa tu hapa," alisema kwa huruma, akanyoosha mkono. Nikaushika mkono wake nikamwambia aache. Mpaka leo iko hivyo hivyo.

Paya nilifika mchana, baada ya mvua. Shemeji aliipokea ile kompyuta ndogo mlangoni, akaingia nayo. Mimi nikapewa kigoda nje, chini ya ukingo wa mabati, mgongo ukutani. Mama alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta huo huo. Nilisikia wimbo wa kuingilia, nikasikia mama akivuta pumzi. Nikasikia kicheko cha mke wangu kikijaa nyumba aliyozaliwa, na mama akakijibu kwa kicheko chake, kisha akanyamaza ghafla. Nikasikia hatua za mzee. Alikuwa amesema kwa Kiswahili, ili watu wa upande wetu waelewe: "Huyu mtoto wangu anaongea sana. Msimnyamazishe. Akinyamaza, jueni kuna shida, mumuulize."

Mimi niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mara mia nikiunganisha sauti na mdomo, na yalikuwa bado yanajua pa kuingilia.

Video ilipokwisha, nikasikia kompyuta ikifungwa. Kisha mama aliita mwenyewe, si kupitia kwa shemeji, si kupitia kwa mtu mwingine.

"Mkwe."

Nikasimama, sijui kwa nini, nikasimama nikiutazama ukuta. "Nasikia, mama."

"Nimemwona mzee wangu. Mdomo na maneno, sawasawa kabisa. Asante." Nikasikia kiti chake kikisogea. "Hii kazi ilikuchukua siku ngapi?"

Ningeweza kudanganya. Hajui kompyuta, ningesema miezi, ningesema ilikuwa haiwezekani kabla, na angeamini, na labda angelala. Nilitafuta huo uwongo na ulikuwepo, tayari kabisa.

"Nne, mama. Siku nne."

Ndani shemeji alikohoa.

"Nne tu," mama akasema.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningeshukuru. Alisema taratibu, kama mtu anayehesabu, na najua alikuwa anahesabu kuanzia siku daktari alipomsogeza pembeni hadi ile ya kifo, siku kwa siku, akiziondoa nne, akiona zilizobaki ni nyingi kiasi gani.